Mlinda Taulo

Siku ya mpiga mbizi ina saa 24, sawa na siku ya mtu mwingine. Asubuhi anashuka chini ya bahari dakika 50. Anapanda, anakaa kwenye boti saa nzima akila vipande vya nanasi, kisha anashuka tena dakika 50 nyingine. Akiwa na uroho, ataongeza mbizi ya tatu alasiri. Piga hesabu mwenyewe: zinabaki saa 21 na nusu ambazo yuko nchi kavu na sisi wengine, ana njaa, ana maji masikioni, na anataka asikilizwe. Sasa mwombe mtu wa namna hiyo akushauri kisiwa cha kwenda kule Karibi. Atakusimulia zile saa mbili na nusu dakika kwa dakika, pamoja na rangi ya kila samaki. Ukimuuliza kuhusu zilizobaki, yaani mtu atakaa wapi, atakula nini, na kivuli kipo au hakipo, anakutazama kwa huruma.

Mimi ni mtu wa hizo zilizobaki. Anayezama ni mke wangu. Mungu ana mizaha yake: yeye kazaliwa Singida, kwenye mawe na alizeti, bahari kaiona akiwa tayari ana shahada ya kupigia kura. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nikilala kwa kelele za mawimbi, na chini ya maji siendi ng'o. Watu wa hapa Houston, tunakoishi, wanashangaa. Nawaambia kwetu bahari ni ya kuvukia, kuvulia na kuogopea. Wapo ndugu zangu wanaopiga mbizi, naam, lakini wakiibuka wanaibuka na pweza. Mtu azame mita 18 kwenda kutazama tu, hajaangusha kitu, harudi na kitoweo, na bado alipie! Hiyo kwetu haijafika.

Mke wangu alijaribu kunishawishi tujiandikishe kwenye mafunzo wote wawili. Bahati nzuri, kabla hawajakuruhusu kulowa wanakupa fomu ya afya yenye maswali mengi. Una pumu? Umewahi kupasuliwa sikio? Umepita miaka 45 na una shinikizo la damu? Hilo la mwisho nililisoma kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye fomu yoyote. Miaka yote nimeichukia presha yangu, nimeimezea vidonge, nimeikatia chumvi, kumbe masikini ilikuwa inanisubiria siku ile inikingie kifua. Fomu inasema daktari anaweza kukuandikia ruhusa. Mimi na daktari wangu tuna mambo mengi ya kuzungumza, na hilo bado halijapata nafasi.

Basi akaenda peke yake kufundishwa kwenye ziwa moja hapa Texas ambalo maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Wanafunzi wanashuka wakishikilia kamba wasipotezane. Wanafundishwa kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena, kumpa mwenzako hewa yako, na ile amri kuu kuliko zote: usizuie pumzi. Ukifika mita 10 chini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya wa huku juu, kwa hiyo pumzi uliyoivuta kule ukipanda nayo umeibana, inatanuka mara mbili, na mapafu hayana subira hiyo. Aliporudi na cheti nilimuuliza kaona nini huko ziwani. Kaona mkono wa mwalimu.

Tangu hapo kabati langu la nguo si langu tena. Kuna suti ya mpira, kuna mapezi, kuna saa kubwa ya mkononi inayomhesabia gesi iliyomo mwilini. Kuna fulana inayojazwa hewa ili aelee, na akifika mahali pa kuzamia anakodi mkanda wa risasi ili azame. Niliuliza kwa heshima zote kama hawezi kuacha vyote viwili, matokeo yakabaki yale yale. Nilijibiwa kitaalamu, kwa muda mrefu.

Kisha ikaja kazi ya kuchagua kisiwa, na hapo ndipo nilipokutana na neno "inategemea". Kila mtu unayemuuliza anaanza nalo. Inategemea unataka nini: kuta za matumbawe, mabaki ya meli, mikondo, papa, au vidudu vidogo vya kupiga picha. Nikasema nataka kiti. Hakuna aliyeandika.

Nimegundua pia kwamba anayekuapia kisiwa fulani ndicho bora Karibi nzima, ukimchimba vizuri, kafika hicho hicho kimoja. Alikwenda, kikampendeza, akarudi, akarudi tena. Mzee mmoja wa kazini kwangu anaiapia Cozumel kila akinywa kahawa. Nikamuuliza, mzee, na kwingine je, ulikwenda wapi? Akaniuliza, kwingine kwa nini?

Cozumel ni kisiwa cha Mexico, kusini kidogo mwa Cancún, na sifa yake ni mkondo. Huko hupigi mapezi sana. Boti inakushusha mahali, mkondo unakubeba ukipita kando ya kuta za Palancar na Santa Rosa, boti inafuata mapovu yako na kukuokota mbele. Mke wangu alipolisikia hilo uso uling'aa. Mimi nikajiona nimesimama ufukweni na taulo mkononi, niliyemuaga hapa anaibukia mtaa wa tatu. Na hilo ningelivumilia kama si meli. Cozumel ni miongoni mwa bandari zinazopokea meli nyingi za kitalii duniani, na zikifunga gati kadhaa kwa mpigo mji wa San Miguel unafurika maelfu ya watu waliopewa mchana mmoja wa kununua almasi na kofia pana. Mpiga mbizi hawaoni hao. Yuko chini, kimya, anatazama kasa. Wa kugombea nao kivuli ni mimi. Kwa upande wa viza mambo yalikuwa mepesi, maana Mexico inawapokea wenye ukaazi wa kudumu wa Marekani bila kuwaomba nyingine. Tatizo lilikuwa pale pale, kiti.

Grand Cayman nayo haikosi wapambe. Duka la kwanza la wapiga mbizi katika Karibi lilifunguliwa huko mwaka 1957, na mwaka 2011 wenyewe waliichukua meli iliyokuwa ya jeshi la majini la Marekani, Kittiwake, wakaifungulia maji kwa makusudi ili wageni wapate kitu cha kuzunguka huko chini. Meli nzima! Lakini nikaangalia pesa. Dola ya Cayman imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha 1 kwa 1.20. Nimesota miaka yote hii kuhama kutoka shilingi kwenda dola, nikadhani nimefika, kumbe kuna watu wanaiona dola ya Marekani kuwa chenji. Na kwa asiyezama wana kivutio: fungu la mchanga lenye maji ya kiunoni ambako wavuvi walizoea kusafishia samaki, taa wakazoea kuja kula mabaki, sasa watalii wanakwenda kuwakumbatia. Mimi na taa tunafahamiana kupitia mchuzi wa nazi. Sioni namna ya kumkumbatia bila unafiki.

Belize ilijadiliwa usiku mmoja tu. Huko kuna lile Shimo la Bluu lililopata umaarufu baada ya mpiga mbizi mashuhuri Jacques Cousteau kuingia humo na meli yake Calypso mwaka 1971. Duara la bahari lenye upana wa kama mita 300 na kina cha zaidi ya mita 120. Ukiliona kwenye picha ya angani, unasema hewaa. Ila ukiuliza wanachokwenda kukitazama, unaambiwa hakuna samaki wengi. Unasafiri na boti saa mbili na zaidi, unashuka mita 40, unakaa dakika chache mno kwa sababu kina hicho hakina mzaha, na unaona mawe yanayoning'inia kutoka darini. Mahali pale palikuwa pango la nchi kavu enzi za barafu, kabla bahari haijapanda. Nikamwambia mke wangu, mawe yanayoning'inia yapo kwenye mapango ya Amboni, kilomita chache kutoka nyumbani kwa mama, unaingia na viatu vyako na unakaa mpaka uchoke. Na cheti chako kinaishia mita 18. Belize ikafutwa.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko Toronto, naye akapiga simu kushauri. Yeye hapigi mbizi, haogelei, hata beseni analiogopa, lakini ana maoni. Akasema twende Dominica, kuna hoteli kubwa unalipa mara moja unakula mpaka siku ya kuondoka. Ikachukua nusu saa kumwelewesha kwamba anayoizungumzia ni Jamhuri ya Dominika, na kwamba Dominica ni nchi nyingine kabisa, kisiwa cha milima na misitu chenye nyangumi na mahali ambapo mapovu ya moto wa volkano yanatoka chini ya bahari na wapiga mbizi wanaogelea ndani yake. Kwa asiyezama wanampa safari ya mguu ya kutwa nzima kwenda kuona ziwa linalochemka. Nikamwambia shemeji, mimi nikitaka kuona maji yanachemka nawasha jiko. Akanuna.

Kisha mke wangu akaiona Saba.

Saba ni kisiwa cha Waholanzi, kilomita za mraba 13, wakazi kama 2,000, volkano iliyosimama wima kutoka baharini. Bahari yake imekuwa hifadhi tangu 1987, chini kuna minara ya mawe iliyovikwa matumbawe, maji safi, watu wachache. Ni kweli. Lakini kufika! Uwanja wake wa ndege una barabara ya kurukia ya mita 400, ndiyo fupi kuliko zote zinazotumiwa na ndege za abiria duniani, upande huu jabali, upande ule genge, na mwisho wa lami ni bahari. Ndege ndogo inatoka kisiwa jirani cha Sint Maarten na inatua ikiwa imeshafunga breki moyoni mwa kila abiria. Nikauliza ufuko ukoje. Ufuko wa maana hakuna. Upo mchanga kidogo ambao msimu mmoja unakuja, msimu mwingine bahari inauchukua. Sasa mume wa mpiga mbizi anafanya nini Saba? Anapanda mlima. Mlima una ngazi 1,064, zimehesabiwa, na kileleni unakuta ukungu. Niliikumbusha familia kuhusu fomu ya afya na majibu niliyoyatoa pale. Presha ikanitetea kwa mara ya pili.

Kusema haki, nami nilikuwa na kisiwa changu. Roatán, huko Honduras. Mwamba wake ni sehemu ya ule mwamba mrefu unaoshuka kutoka Mexico kupitia Belize, wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Australia, kwa hiyo mke wangu hakuwa na neno. Sababu yangu ilikuwa nyingine. Mwaka 1797 Waingereza waliwafukuza Wagarifuna kutoka kisiwa cha Saint Vincent, watu wa damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi waliokataa kutawaliwa, wakawapakia melini na kuwatupa Roatán. Wakakaa, wakajenga kijiji cha Punta Gorda, na mpaka leo wapo. Hayo ni ya kuheshimiwa. Lakini mimi nilinaswa na chungu chao. Wana chakula kiitwacho hudut: samaki ndani ya tui la nazi, na pembeni ndizi zilizochemshwa zikatwangwa kwenye kinu mpaka zikawa bonge. Ndugu zangu, samaki wa nazi na bonge la ndizi, upande wa pili wa dunia! Nilitaka kulipa nauli jioni ile ile.

Mke wangu akafungua ukurasa wa hali ya nchi. Usubi. Ufukwe wa Roatán una usubi, wale wadudu wasioonekana, na asiyezama ndiye anayelala nao mchangani wakati mwenzake kajifunika mpira mwili mzima mita 15 chini ya maji. Nikasema nitavumilia, hudut si mchezo. Akanionyesha kalenda.

Hapo kwenye kalenda ndipo mambo yalipoamuliwa, nikiri, si kwa hekima ya mtu. Likizo zetu zinakutana Septemba. Septemba hoteli za Karibi zinapunguza bei kwa ukarimu wa kutisha, na ukiona mfanyabiashara anakuonea huruma, uliza. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unaanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na kilele chake ni Septemba hiyo hiyo. Punguzo lile ni la kukulipa ujasiri. Sisi wa Houston tulioona mvua ya kimbunga Harvey mwaka 2017, tulioona barabara za magari zikipitwa na mitumbwi, ujasiri wa aina hiyo tuliumaliza wakati ule.

Katikati ya hayo mama akapiga kutoka Tanga. Mambo hayakai siri. Shemeji alikuwa ameshatangaza. "Mwanangu, nasikia mkeo anakwenda kuzama baharini huko kwa watu. Bahari ya huku imekauka?" Nikasema hapana mama. "Pemba hakuna bahari? Mafia hakuna?" Ipo, mama, na papa potwe wa Mafia tunawajua. Ningemweleza vipi kwamba kwenda nyumbani si likizo? Kwenda nyumbani ni masanduku ya viatu vya watu, michango ya harusi mbili, kikao cha ukoo kuhusu kiwanja, na wageni kuanzia alfajiri. Mke wangu angevaa mtungi akakuta shangazi anamsubiri mita 12 chini ana shida ya ada ya mtoto. Nikanyamaza. Mama akauliza, "Na huko majini anavaa nini?" Nikamwambia suti ya mpira, mama, kutoka shingoni mpaka vifundoni, na kichwani kofia. Kimya kidogo. "Ah. Basi hapo kajisitiri vizuri kuliko alivyokuja harusini kwa mdogo wako." Ruhusa ikapatikana.

Kikabaki kisiwa kimoja ambacho kiko kusini mno hata vimbunga vingi vinapita kaskazini yake: Bonaire, jirani ya Venezuela, nacho cha Waholanzi. Tena kina ndege ya moja kwa moja kutoka Houston. Na kina jambo moja ambalo sikulisikia kwa mshauri yeyote aliyetusifia matumbawe yake. Wanakula funchi. Funchi ni unga wa mahindi uliosongwa. Unasongwa kwa mwiko, unaiva, unapakuliwa, na wanaula na mchuzi wa mbuzi uitwao kabritu stobá. Niliisoma habari hiyo usiku, mke wangu kalala, nikaenda jikoni kunywa maji nitulie. Ugali na mbuzi! Watu wameandika vitabu vizima kuhusu samaki kasuku wa Bonaire, hakuna hata mmoja aliyeona vyema kutaja ugali kwenye ukurasa wa kwanza.

Asubuhi sikutaja ugali. Nilianza kusifia hifadhi ya bahari. Nikasema, mama watoto, wajua Bonaire bahari yote inayokizunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979? Wajua walipiga marufuku kuvua samaki kwa mkuki tangu 1971, na nanga haziruhusiwi kutupwa juu ya matumbawe, boti zinafungwa kwenye maboya? Alinitazama kwa mashaka lakini akaendelea kusikiliza.

Na kwa kweli Bonaire ina utaratibu wa ajabu. Huhitaji boti. Unakodi gari la pikapu, unarusha mitungi nyuma, unafuata barabara ya ufukweni, na kila penye mahali pa kuzama pamewekwa jiwe lililopakwa rangi ya njano lenye jina la mahali hapo. Unasimamisha gari, unavaa, unaingia majini kwa miguu yako. Mke wangu anaona uhuru. Mimi naona nani atakuwa dereva. Kuna mahali panaitwa 1000 Steps, ngazi elfu moja za kushukia ufukweni, nikaanza kutafuta fomu yangu ya afya, kisha nikasoma kwamba ngazi zenyewe hazifiki hata 100; ni kwamba ukipanda na mtungi mgongoni unahisi elfu. Saba walisema ngazi 1,064 na ni 1,064 kweli. Lakini hawa wa Bonaire, watu wanaotia chumvi kiasi hicho, nikaona ni wenzangu.

Chumvi ipo hata ya kweli. Kusini mwa kisiwa ni mabwawa ya chumvi, maji ya rangi ya waridi na heroe wamesimama humo kwa mguu mmoja. Kando yake vipo vibanda vya mawe vya mwaka 1850, vidogo mno, mtu mzima haingii bila kuinama, vya watumwa waliokuwa wakichota chumvi hiyo mpaka Uholanzi ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake mwaka 1863. Wapiga mbizi wengi hupita hapo na pikapu wakifuata jiwe la njano linalofuata. Mimi nitasimama. Muda ninao.

Kuna pia meli iliyozama, Hilma Hooker. Hii haikuzamishwa kwa sherehe. Mwaka 1984 ilikutwa na shehena ya bangi imefichwa ndani, ikashikiliwa, ikakaa ikivuja, mwishowe ikajilaza yenyewe chini ya bahari. Imelala kwenye mita 30 hivi, kwa hiyo mwenye cheti cha mita 18 ataichungulia kutokea juu. Nimemwomba asiende hata kuichungulia. Tuna mahojiano ya uraia mwakani.

Mkazi mwingine wa huko majini ananigusa zaidi. Samaki simba, yule mwenye mistari na miiba ya sumu, asili yake ni bahari zetu za Hindi na Pasifiki. Alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, inasadikiwa watu walimtupa kutoka kwenye matangi ya nyumbani, akazaa, akasambaa Karibi nzima, Bonaire akafika 2009. Huko hana adui, anakula kila kitu, anataga mwaka mzima. Wamekasirika mpaka wamelegeza ile marufuku ya mkuki kwa ajili yake peke yake. Wanamchoma, wanamkaanga, wanamsifia utamu. Huyo ni jirani yetu kabisa, kaja bila viza, kafanikiwa, na sasa kila anayemwona anataka kumrudisha kwa njia ya sufuria. Mke wangu kaahidi akimwona atamsalimia. Mimi nikiletewa sahani sijui nitafanya nini. Itategemea kama kuna ndimu.

Tukakubaliana Bonaire. Ndipo nikapewa majukumu yangu. Wenye magari ya kukodi wanakuonya usiache kitu garini unapozama, wala usifunge milango, kwa sababu mwizi atakayekuta pamefungwa atavunja kioo, na kioo ni juu yako. Acha madirisha wazi, gari tupu, mwizi achungulie, aridhike, aende zake. Mke wangu akasema kwetu haitakuwa shida. "Wewe si utakuwepo, baba watoto? Utakaa na vitu." Vitu vyenyewe ni taulo mbili, kandambili, na chupa ya maji. Nitavuka bahari kwenda kulinda taulo kando ya jiwe la njano. Nilimuuliza kama kutakuwa na kiti. Akasema pikapu ina bodi.

Faraja yangu ni siku ya mwisho. Mtu aliyezama mara kadhaa mwili wake unakuwa umejaa naitrojeni, na akipanda ndege mapema, hewa nyepesi ya angani inaweza kuigeuza mapovu ndani ya damu na viungo. Kwa hiyo wanashauri akae angalau saa 18 bila kuzama kabla ya kuruka. Saa 18 ambazo mke wangu hana ruhusa ya kwenda popote ila kukaa mezani na mimi. Nimeshaipangia: mbuzi mchana, mbuzi usiku.

Nikadhani tumemaliza, ikaja hesabu ya malipo. Kuna kodi ya kuingia kisiwani, dola 75 kwa kila mgeni. Hiyo sikubisha, nimezoea kulipa kwa kufika mahali. Kuna ada ya hifadhi, dola 40 kwa mwaka, kwa kila anayeingia majini. Hapo nikasema mimi nitoeni, mimi ni wa bodi ya pikapu. Mke wangu akanisomea jinsi watu wanavyoingia baharini pale: chini ni mawe, mawimbi yanasukuma, mtungi ni mzito, na mapezi hayavaliki vizuri umesimama peke yako. Inafaa awepo mtu wa kusimama kwenye maji akushike mkono.

"Magotini tu, baba watoto."

Nikaitafuta bei ya magoti. Haipo. Wanasoma maji, hawasomi kina. Nimelipa dola 40, sawa na dola 20 kila goti, na la kushoto lina baridi yabisi.